Mashine Nyuma ya Pazia

Nilipopoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto nilikuwa fundi wa mashine katika karakana moja ya Industrial Area, Nairobi, na kazi hiyo nilikuwa nimeifanya tangu nitoke Kitui nikiwa kijana. Kidole cha shahada na cha kati vilikatwa na mashine ya kukatia mabati, siku ya kawaida, kabla ya chakula cha mchana. Karakana ilinilipa fidia baada ya safari nyingi za kwenda na kurudi, kisha ikaniambia kwa upole kwamba haina tena kazi inayonifaa. Sikubishana nao. Nilikuwa nimefanya kazi pale muda mrefu wa kutosha kujua wanamhitaji mtu wa aina gani.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Kabiro, Kawangware, mimi na mke wangu, orofa ya nne katika jumba la kupangisha. Binti yetu alikuwa shule ya bweni. Mke wangu ni fundi cherehani. Ana kibanda chake Kibera, upande wa Sarang'ombe, ambako hushona sare za shule na kurekebisha nguo za mitumba. Fidia ilipoingia, alidhani tutanunua ng'ombe au kipande cha shamba nyumbani, kama wafanyavyo watu wa kwetu wakipata pesa ya mkupuo. Mimi nilikuwa nimeshaona mashine.

Ilikuwa mashine ndogo ya kuchonga chuma, ya kuwekwa juu ya meza, aina ambayo mafundi wa Nairobi huiita milling. Ina mnara, na kichwa kinachopanda na kushuka juu ya mnara huo, na chini ya kichwa kuna kitanda kidogo cha chuma kinachosogezwa kwa mikono ya kuzungusha. Kisu huzunguka juu, chuma hufungwa chini, na kile kitanda ndicho hukipeleka chuma kwenye kisu. Unaweza kusawazisha uso wa chuma, kuchimba mfereji kwenye shafti, kutoboa matundu yaliyopangwa sawasawa. Kazi za namna hiyo mafundi wengi wa jua kali huzipeleka Industrial Area na kungoja. Nilijua watazileta kwangu kama ningekuwa karibu nao.

Nilimweleza mke wangu haya yote tukiwa tumekaa kitandani, maana kule Kabiro hatukuwa na nafasi ya viti zaidi ya kimoja.

"Mashine ilikukata," alisema. "Sasa unataka kuleta nyingine mahali tunalala."

"Hii si kama ile. Ile ilikuwa ya kukata mabati."

"Zote zina stima. Zote zinazunguka."

"Ile haikuwa inazunguka. Ilikuwa inashuka."

Hakucheka, na mimi sikuwa nimesema ili acheke. Siku kadhaa zilipita. Alinipakulia chakula, akaniuliza habari za binti, akanionyesha kola aliyokuwa amekosea kuikata, lakini mashine hakuitaja. Kisha asubuhi moja akifunga kamba za viatu alisema, bila kuinua kichwa, kwamba nikiileta atataka swichi ya kuizima ambayo yeye mwenyewe ataweza kuifikia. Na kwamba sitaiwasha yeye akiwa hayupo. Nilisema sawa. Alisimama akaenda kazini.

Mlinzi wa jumba letu la Kabiro, ambaye ndiye aliyekusanya kodi na kupokea malalamiko, hakunisikiliza hata nimalize. Alitazama dari la orofa ya tatu, akatazama juu kwetu, akaniuliza kama nataka kuwaangushia watu chuma kichwani. Alikuwa na haki. Kwa hiyo tulianza kutafuta nyumba ya chini, yenye sakafu ya saruji iliyolala moja kwa moja juu ya udongo, na mke wangu ndiye aliyeipata kupitia wateja wake.

Ilikuwa Sarang'ombe, si mbali na kibanda chake, ndani ya ua wa nyumba za zamani za Wanubi. Kuta zilikuwa za udongo mnene zilizopigwa lipu ya saruji, na paa la mabati lililogeuka rangi ya chai. Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane aliyezaliwa katika ua uleule, na wapangaji wote, hata wasio Wanubi, walimwita Haboba, yaani nyanya kwa lugha yao. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na siku tuliyokwenda kumwona alikuwa ameketi kwenye mkeka anasuka kawa la kufunikia chakula, nyuzi za rangi zimemzunguka. Nilimwambia kazi yangu. Nilisema neno milling, nikaona mikono yake inasimama.

"Ya unga?"

"Hapana, Haboba. Ya chuma."

"Nilikuwa na mpangaji wa mashine ya kusaga," alisema. "Pale pale kwenye chumba mnachokitaka. Alinipasulia ukuta. Vumbi la unga liliingia mpaka kwenye sanduku langu la nguo. Sisi tunafunga Ramadhani na yeye anatutikisa kutoka asubuhi mpaka jioni. Alipoondoka niliapa."

"Hii haisagi. Inachonga chuma."

"Sasa kwa nini inaitwa milling?"

Jina kweli ni moja. Nilipopata kazi Industrial Area, shangazi yangu aliambiwa kule Kitui kwamba niko kwenye milling, na salamu ya kwanza aliyonitumia ilikuwa ya kuuliza kama naweza kumpelekea unga.

"Kelele yake ikoje?" Haboba aliuliza.

"Kama ya cherehani kubwa."

Mke wangu alinitazama. "Ni zaidi ya cherehani," alisema.

Haboba akamgeukia yeye, na tangu hapo hakuzungumza nami tena siku hiyo. "Wewe mama, wewe unaitaka hiyo kitu ndani ya nyumba?"

"Bado sijui," mke wangu alijibu.

Nadhani jibu hilo ndilo lililotupatia chumba. Bibi alivuta uzi, akaukata kwa meno, akasema tunaweza kuhamia, lakini siku ya kuiwasha mara ya kwanza atakuwepo. Akiona ukuta unatikisika, mashine itarudi ilikotoka.

Tulipata vyumba viwili vilivyofunguana bila mlango katikati. Mke wangu alishona pazia zito la kitambaa cha buluu, akalitundika kwenye ule uwazi. Nyuma ya pazia kilikaa kitanda, jiko na vyombo. Mbele kingekaa chuma. Kando ya pazia, upande wa mbele penye dirisha, aliweka cherehani yake ya zamani, ile ya kushonea nyumbani anapokuwa na kazi nyingi.

Mashine ilifika kwa pikapu hadi pale barabara inapoishia, ikiwa ndani ya sanduku la mbao. Kutoka hapo ilihitaji mkokoteni. Wanaume wawili waliokuwa wamekaa juu ya mkokoteni wao walikuja wakalizunguka sanduku.

"Niaje mkubwa. Hii ni maiti ama ni nini?"

"Ni mashine."

"Maiti ni rahisi," yule mmoja alisema. "Maiti haina kona."

Alikuwa amesema kweli bila kujua. Njia ya kuingia kwetu inapita juu ya mtaro kwa kipande cha bamba, halafu inapinda ghafla kati ya choo na ukuta wa jirani. Kwenye bamba sanduku lilipita, tumebana pumzi. Kwenye kona lilikataa. Tulilijaribu kwa urefu, tukalijaribu kwa upana, tukalirudisha nyuma, na nyuma yetu watu walikuwa wameshaanza kujaa na madebe ya maji na watoto migongoni. Mwishowe nilichukua nyundo nikalivunja sanduku palepale. Nilifungua boliti za kichwa cha mashine, tukakishusha juu ya gunia, tukabeba mnara na kitanda kwa bomba lililopitishwa katikati, wanaume wawili mbele na mimi nyuma. Mkono wa kulia ulifanya kazi ya miwili. Mke wangu alifunga kibanda chake akaja, na alikibeba kichwa cha mashine pamoja na jirani mmoja mwanamke, polepole, kama wanavyobeba sufuria ya maji moto.

Huyo jirani alipokwisha kukiweka chini alijinyoosha kiuno akaniuliza, "Mtaanza kusaga lini? Na mtasaga ile ya kukoboa pia?"

Kwa juma zima nililijibu swali hilo.

Wageni wa kazi hii hudhani mashine ikifika ni kuiwasha. Nilikuwa nimeweka mashine mpya mara nyingi kazini, lakini siku zote tukiwa kundi, na mzee mmoja akituongoza kwa kuelekeza kidole. Sasa nilikuwa peke yangu na mkono mmoja na nusu. Nilianza na meza. Mtu wa kuchomelea vyuma kando ya reli alinitengenezea miguu ya chuma nene, akaiunganisha juu kwa bamba zito. Sakafu ya chumba ilikuwa na ufa, pengine kazi ya yule mpangaji wa unga, kwa hiyo niliichimba pale mashine itakapokaa, nikamwaga saruji mpya na kuacha boliti zimesimama ndani yake. Niliifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Mpaka ikauke vizuri, mashine ilikaa sakafuni imevuliwa kichwa, na mke wangu alikuwa anaizunguka kila akitoka nje kama anayempisha mgeni aliyelala.

Wakati wa kungoja saruji niliisafisha. Mashine ya namna hiyo husafirishwa imepakwa grisi nzito ya rangi ya asali ili isishike kutu baharini. Ukiiacha, inanasa vumbi na kula chuma kama msasa. Niliitoa kwa mafuta ya taa na vitambaa, na vitambaa vilikuwa mabaki ya sare za shule kutoka kibandani: kijani, maruni, kijivu. Chumba kilinuka mafuta ya taa mpaka chai ikawa na ladha yake. Mke wangu hakulalamika. Alifungua dirisha, na siku ya pili yake alichukua kitambaa akakaa upande wa pili wa kitanda cha mashine akaanza kufuta. Alifuta kwenye pembe ambazo vidole vyangu vilivyobaki havikuwa vinafika.

Fundi wa stima nilimwita kutoka Kawangware, mtu niliyemjua na mwenye leseni, kwa sababu nyaya za ua ule zilikuwa zimeunganishwa na kila aliyewahi kuishi pale. Jirani akiwasha pasi, balbu zetu zilikuwa zinafifia. Alituvutia waya wetu kutoka kwenye boksi la mita, wenye swichi yake ya usalama. Kisha nikamwonyesha kitu kilichomfanya anitazame mara mbili. Mashine ilikuwa na kitufe chake chekundu cha kuizimia, kwenye kichwa. Nilitaka cha pili, ukutani, kando ya cherehani.

"Cha nani?"

"Cha mama."

Alimtazama mke wangu, akaona haikuwa mzaha, akatoboa ukuta.

Saruji ilipokauka tuliipandisha mashine juu ya meza kwa mnyororo tulioufunga kwenye boriti ya paa, boriti ambayo kwanza niliitegemeza kwa nguzo. Niliweka pima maji kwa urefu na kwa upana, nikawa naingiza vipande vyembamba vya bati chini ya kitako mpaka tone la hewa likatulia katikati. Hilo niliweza kulifanya mwenyewe. Lililonishinda ni lililofuata.

Kichwa cha mashine lazima kisimame wima kabisa juu ya kitanda. Kikiinama hata kwa unene wa karatasi, kila uso utakaouchonga utakuwa na ngazi ndogo, na kila tundu litakwenda upande. Kukipima unafunga geji kwenye kisimamio cha kisu, chombo chenye uso kama wa saa na mshale mmoja, unaizungusha kwa mkono ncha yake iguse kitanda upande wa kushoto kisha wa kulia, na unasoma tofauti. Halafu unalegeza nati za kichwa, unakigonga kidogo kwa nyundo ya raba, unakaza, unasoma tena. Mkono mmoja hushika kichwa, mwingine spana, jicho liko kwenye geji. Nilijaribu mara nyingi. Kila nilipokaza nati kwa mkono wa kulia, wa kushoto ulishindwa kukishika kichwa na chenyewe kikasogea. Spana iliniponyoka ikagonga kitanda, ikaacha alama ambayo bado ipo.

Mke wangu alikuwa anashona. Alisimamisha mguu.

"Kinatafuta nini hicho kisaa?"

Nilimweleza. Alikuja akainama, akakitazama kwa muda.

"Kwa hiyo mshale ukisoma sawa huku na huku, kichwa kimenyooka."

"Ndiyo."

"Ni kama sindano na bobini. Zisipokutana sawasawa, unaruka mishono, na huoni shida iko wapi mpaka ushone nguo nzima." Alinyoosha mkono. "Mimi nisome. Wewe gonga."

Kwa hiyo yeye aliizungusha geji na kusoma, mimi nikagonga. "Kulia imezidi," alikuwa anasema. "Bado. Bado. Umepitisha, rudisha." Tulipokaribia aliacha kusema akawa anainua kidole tu. Ilipokuwa wakati wa kukaza yeye alikishika kichwa kwa mikono miwili, nami nikakaza. Ilituchukua alasiri nzima, na watu waliopita dirishani walituona tumeinamiana juu ya chuma kama tunamtibu mtu. Mwishowe mshale ulikwenda kushoto na kulia bila kutikisika. Mke wangu aliurudia tena peke yake, kuhakikisha, kisha akarudi kwenye sare zake.

Siku ya kuwasha Haboba alikuja baada ya sala ya alasiri akiwa na kigoda chake na glasi ya maji. Kigoda alikiweka mlangoni. Glasi aliiweka kwenye rafu ya ukutani, ukuta uleule uliopasuka zamani, akaketi akiitazama glasi na si mashine. Mke wangu alisimama kando ya kitufe chake.

Niliwasha kwa mwendo wa chini, bila kisu. Mashine mpya lazima izunguke hivyo kwanza, ili beringi zizoee na mafuta yaenee. Niliweka mkono wa kulia kwenye kichwa kuhisi joto. Ilikuwa sauti nzuri, ya chini, isiyo na mkwaruzo. Niligundua kwamba mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekwenda nyuma ya mgongo wenyewe, bila mimi kuupeleka.

"Maji yanacheza," Haboba alisema.

"Yanacheza hata lori likipita kule barabarani," mke wangu alijibu.

Bibi alimtazama, kisha akarudisha macho kwenye glasi.

Baada ya muda niliifungia kisu, nikabana kipande cha chuma cha kawaida kwenye jiliwa, nikapandisha mwendo, nikaanza kukata. Vipande vidogo vilivyojikunja vikaanza kuruka na kurundikana. Chuma kilikuwa kinatoka na uso unaong'aa, laini, bila ngazi yoyote, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nilisahau kwamba nina mkono ulioharibika. Nadhani ndiyo sababu ya kilichofuata. Rundo la vipande lilikuwa limeziba mstari wangu. Mkono wa kushoto ulitoka nyuma ya mgongo ukaenda kulipangusa, kama ulivyofanya miaka yote.

Mashine ilizimika.

"Stima imepotea?" Haboba aliuliza.

"Hapana," mke wangu alisema. "Ni mimi."

Kiganja chake kilikuwa bado juu ya kile kitufe cha ukutani. Nilihisi hasira ikinipanda shingoni, kwa sababu ya kuzimiwa mashine mbele ya mwenye nyumba, katika mkato wa kwanza. Kisha nikatazama mkono wangu ulikosimama. Kisu kilikuwa kinamalizia mzunguko wake wa mwisho, taratibu, na mkono wa shati ulikuwa unaning'inia karibu nacho kiasi kwamba ungeweza kuguswa.

Mke wangu alichukua mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, akanishika begani akanigeuza, akaukata mkono wa shati langu juu ya kiwiko, kisha wa pili. Aliikata kwa mstari ulionyooka. Halafu akaenda nyuma ya pazia akarudi na brashi ya kupakia rangi, akaiweka juu ya kitanda cha mashine, kando ya lile rundo la vipande.

Haboba aliinuka. Alichukua glasi kwenye rafu, akaitazama dhidi ya mwanga wa mlango, akayanywa yale maji yote.

"Ukuta uko sawa," alisema. Akabeba kigoda chake akaondoka.

Siku zilizofuata nilifanya kazi nikiwa na mikono mitupu hadi viwikoni. Mashati yangu yote ya kazi yalikuwa yamekatwa na kupindwa kwa cherehani ya mke wangu. Wateja walianza kuja. Fundi wa pikipiki alileta kifuniko cha injini kilichopinda. Mtu wa mashine ya kusaga, wa kweli, alileta shafti ambayo puli yake ilikuwa inateleza, nikaichimbia mfereji mpya wa kuishika. Kazi ilitoka vizuri. Lakini kila nilipowasha, ule mkono ulikuwa unarudi nyuma ya mgongo, na kila mara ilinibidi kuuita. Usiku vidole visivyokuwepo viliwasha. Sikumwambia mtu. Nilidhani nikifanya kazi ya kutosha mkono utazoea.

Kama tulivyopatana, niliwasha mke wangu akiwa nyumbani tu, anashona kando ya pazia, na alikuwa anaona kila kitu. Asubuhi moja, kabla ya kwenda kibandani, alisimama mbele ya mashine.

"Nifundishe," alisema.

"Nini?"

"Hii. Wewe una kichwa chake. Unajua chuma gani kinakatwa kwa mwendo gani, na kinafungwaje. Mimi nina mikono. Huo mkono wako hautaki, baba. Usiulazimishe."

Nilisema nitazoea. Aliniuliza lini. Nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha cherehani yake, nimeushika mkono wa kushoto kwa wa kulia, na machozi yananitoka. Hilo halikunitokea hospitalini wala siku nilipoachishwa kazi. Aliniacha nimalize. Hakunigusa, ila alivuta pazia la dirisha kidogo ili wapita njia wasione. Kisha akasema atachelewa kibandani siku hiyo, na akauliza mashine inawashwa wapi.

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa, isipokuwa bila matusi. Alijifunza kubana chuma kabla ya kujifunza kukikata. Alijifunza kuusoma mduara wa namba kwenye mkono wa kuzungusha na kuondoa ule ulegevu wa skrubu kabla ya kuanza kuhesabu. Alivunja visu. Alikuwa na tabia ya kupeleka kitanda haraka mno mwanzoni, tabia ya mtu wa cherehani, ambaye kitambaa humfuata; chuma hakikufuati. Nilikuwa nasimama karibu na kitufe cha ukutani, mahali pake, na mara mbili tatu nilikibonyeza. Mara ya kwanza alinigeukia na macho makali, na nikajua nilivyokuwa nimemtazama mimi.

Sasa kibanda chake amemwachia mwanamke mwenzake siku nyingi za juma, na sare ngumu tu ndizo zinazoletwa nyumbani. Wateja wa chuma hushangaa kwanza. Mmoja aliyeleta breketi alimwambia, "Mama, niitie fundi," naye akamjibu, "Weka hapo, vipimo vyake viko wapi?" Mimi huchora, hupima, hukata chuma kwa msumeno, hutafuta vipande vya kazi soko la Gikomba, hupiga bei na kusikiliza malalamiko. Yeye huwasha.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mtu mmoja kutoka Kawangware, mtaa wetu wa zamani, alikuwa ameleta kikombe cha gurudumu la baiskeli yake ya miguu mitatu, ile ambayo huiendesha kwa mikono kwa sababu miguu yake haina nguvu. Beringi ilikuwa imekula chuma mpaka gurudumu likawa linalala. Tulikuwa tumemkalisha barazani kwa Haboba asilowe, na bibi alikuwa anatumiminia chai ya tangawizi na kumhoji yule mtu juu ya ukoo wake wote. Mke wangu alikuwa ndani anakata. Mvua ilikuwa inapiga mabati na bado nilikuwa naisikia mashine chini yake.

Katikati ya chai sauti ilibadilika. Ilipanda, ikawa na mkwaruzo, kama kisu kinacholazimishwa. Alikuwa anapeleka haraka. Niliweka kikombe chini nikaanza kuinuka.

"Wapi?" Haboba aliuliza.

Nilikuwa nimesimama nusu. Sauti ikashuka tena, ikatulia, ikaendelea kwa mwendo wake.

"Hakuna," nilisema. Nikaketi, naye akaniongezea chai.